Namwelewa mwalimu, simwelewi muuza mikate

BARUA

Shikamooni, dada na kaka wa safu hii,

Mimi ni binti wa miaka 21 kutoka Morogoro. Niko Grenoble, Ufaransa, tangu mwanzoni mwa Septemba. Nimekuja kusoma Kifaransa kwa mwaka mmoja wa masomo, na nikipata kiwango cha B2 (ngazi za lugha za Ulaya hupanda A1, A2, B1, B2 hadi C2) nataka kuomba nafasi ya kusomea utalii chuo kikuu hapa hapa. Mtihani wa kupanga madarasa uliniweka kundi la A2. Tunasoma saa 20 kwa wiki, na alama zangu za sarufi si mbaya.

Shida inaanza nikitoka mlangoni. Mwalimu namwelewa karibu kila neno. Dereva wa basi, wahudumu wa mgahawa wa chuo na mama wa duka la mikate siwaelewi. Mama wa mikate akiona nimesita ananijibu kwa Kiingereza, nami nanyamaza kwa aibu. Nikisema mwenyewe, watu wananiuliza “Pardon ?” tena na tena. Mtu akinitajia namba ya simu ndiyo nimekwisha kabisa. Darasani, wakati wa mapumziko, wote tunaongea Kiingereza. Jioni hosteli niko na marafiki wawili, mmoja wa Goma na mwingine wa Bukavu. Tunapika pamoja na kuongea Kiswahili, na hiyo ndiyo saa pekee ninayojisikia mtu. Kuna mwenzangu ananiambia niwakimbie, la sivyo lugha sitaijua. Nyumbani nao kila wakipiga simu wananiambia niongee kidogo Kifaransa wasikie.

Novemba inaisha na mimi bado ni bubu. Naombeni mnisaidie: kwa nini namwelewa mwalimu na siwaelewi watu? Niachane na Wakongo wangu? Na B2 mwezi wa Mei inawezekana, au najidanganya?

Mwanafunzi wa Grenoble

JIBU

Marahaba, mdogo wetu.

Kabla ya lugha, fungua pasipoti yako leo. Kama viza yako imeandikwa VLS-TS, yaani ya muda mrefu inayohesabika kuwa kibali cha ukaazi, unatakiwa kuithibitisha mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya huduma kwa wageni, ndani ya miezi 3 tangu ulipoingia Ufaransa. Uliingia mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo mwisho wako ni siku chache zijazo. Utahitaji namba ya viza, tarehe uliyoingia, anwani yako ya Grenoble na kadi ya benki ya kulipia stempu ya kielektroniki. Ukimaliza, hifadhi karatasi ya uthibitisho kwenye simu na uchape nakala. Kama ulishafanya, vizuri. Wapo wengi wanaodhani muhuri wa uwanja wa ndege umetosha, wakagundua mwaka ukiisha kwamba ukaazi wao una kasoro.

Haya, tuje kwenye masikio.

Mwalimu wa lugha anaongea taratibu, anatenganisha maneno, na anachagua yale anayojua mmeshayasoma. Hiyo ni kazi yake na anaifanya vizuri. Mtaani hakuna anayekufanyia hivyo, na mambo matatu yanakupata kwa mpigo.

La kwanza ni sauti zinazomezwa. Ulichofundishwa kama “je ne sais pas” kinatoka mdomoni mwa mtu kama “chepa”. “Il n'y a plus de pain” inakuwa “y a plus d'pain”. “Tu as” ni “t'as”, na “je suis” ni “chui”. Ile “ne” ya kukanusha huachwa karibu kila mara katika mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo ukiisubiri ndipo ujue mtu anakataa, utachelewa. Shika kinachokuja baada ya kitenzi: “pas”, “plus”, “jamais”. Na “nous” uliyoinyambulisha kwa jasho utaisikia mara chache. Watu wanasema “on”: on mange, on y va, on a cours à neuf heures.

La pili ni maneno kushikana. Konsonanti ya mwisho inahamia kwenye neno linalofuata, hivyo “les amis” husikika “le-zami”. Hapa sikio la Mswahili lina tabu yake ya pekee. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na sikio letu limezoea kuutumia mkazo huo kujua neno linaishia wapi. Kifaransa hakiwekei kila neno mkazo wake. Kinapitisha maneno manne au matano kwa mkupuo, kisha kinavuta silabi ya mwisho ya kundi lote. Sikio lako linatafuta mipaka ambayo haipo. Acha kuwinda neno mojamoja. Jizoeze kushika kundi zima: “j'en ai pas”, “qu'est-ce qu'il y a”, “ça dépend”.

La tatu ni msamiati wa kila siku ambao vitabu vya A2 huugusa juu juu: boulot ni kazi, bosser ni kupiga kazi, truc ni kitu usichokitaja jina, fac ni chuo kikuu, appart ni nyumba ya kupanga. “Du coup” utaisikia kila dakika; mara nyingi ni “kwa hiyo” tu, na wengine huiweka kujaza pengo.

Dawa ya hayo yote ni kunakili unachosikia. Kusikiliza redio huku unaosha vyombo kunazoesha sikio kidogo, lakini hakukuonyeshi ulichokosa. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya kila siku ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, “Journal en français facile”, pamoja na maandishi yake kwenye tovuti. RFI hao hao wana idhaa ya Kiswahili. Basi sikiliza kwanza habari za siku hiyo kwa Kiswahili, ili ujue nani kafanya nini na wapi. Kisha chukua dakika moja tu ya ile ya Kifaransa. Isikilize mara mbili bila kuandika. Mara ya tatu andika kila unachokishika, ukisimamisha kila baada ya kundi la maneno, na usipojua tahajia andika kwa sauti ya Kiswahili. Ndipo ufungue maandishi, ulinganishe, na upige mstari ulipokosea. Jiulize kosa ni la aina gani: neno sikulijua, au nilijua na sikulitambua? La kwanza linaingia daftarini. La pili ndilo dhahabu, maana hapo sikio linafundishika. Mwisho soma kwa sauti pamoja na mtangazaji mpaka uende naye mwendo mmoja. Dakika 20 zinatosha, ila ziwe za kila siku. Baada ya wiki tatu hivi, ongeza rekodi za mazungumzo ya watu wawili kwenye mazoezi ya bure ya televisheni ya TV5MONDE, ambayo yamepangwa kwa viwango kuanzia A1 hadi B2. Mtangazaji husoma, watu wa kawaida hukatishana, na hao ndio wanaokushinda.

Sasa mama wa mikate. Usimchukie. Ana foleni, ameona umesita, amekusaidia kwa njia aliyoiona ya haraka. Kinachomfanya ahamie Kiingereza ni ule ukimya wa sekunde mbili baada ya swali lake, na maswali ya dukani yanahesabika. Yanakwenda hivi:

— Bonjour madame.
— Bonjour ! Une tradition, s'il vous plaît.
— Avec ceci ?
— Ce sera tout, merci.
— Un euro trente. Vous voulez le ticket ?
— Non merci. Par carte, s'il vous plaît.
— Bonne journée !
— Merci, à vous aussi.

“Tradition” ni aina ya mkate mrefu. “Avec ceci ?” ndiyo huwaangusha wageni, kwa sababu haifanani na swali lolote la kitabuni. Maana yake ni kama unataka kingine. Hilo la risiti limekuwa la kawaida tangu Agosti 2023, sheria ilipoacha risiti kuchapwa zenyewe madukani. Mgahawani watakuuliza “Sur place ou à emporter ?”, ulie hapo au ubebe. Supamaketi: “Vous avez la carte de fidélité ?” Jifunze majibu haya mpaka yatoke bila kufikiri, kisha nenda duka lile lile, saa ile ile, kila siku. Mtu anayekufahamu hukuvumilia. Akianza Kiingereza, sema kwa tabasamu: “On peut parler français ? J'apprends.” Wengi hufurahi.

Na usiingie popote bila “Bonjour”. Wewe uliyelelewa kwa shikamoo utalielewa hili kuliko wenzako wengi darasani. Anayefika kaunta na kuanza moja kwa moja na ombi lake, hata kama sarufi imenyooka, anaonekana hana adabu, na jibu linakuja kavu. Salamu kwanza, shida baadaye. Tofauti na kwetu, salamu ya huku ni fupi: “ça va ?” inajibiwa “ça va, et toi ?”, na hakuna anayesubiri habari za nyumbani na za watoto. Mwalimu, mhudumu na mtu yeyote mzima usiyemjua mwite “vous” mpaka mwenyewe akuruhusu “tu”. Wanafunzi wenzako ni “tu” tangu siku ya kwanza.

Namba za simu zinakushinda kwa sababu inayoeleweka. Wafaransa huzitaja mbilimbili, na kuanzia 70 hadi 99 namba zao zimejengwa kwa kujumlisha na kuzidisha: 78 ni “sitini na kumi na nane”, 94 ni “ishirini mara nne na kumi na nne”. Ukisikia “soixante” mkono unaandika 6 na 0, kumbe inakuja “dix-huit” na ilikuwa 78. Kwa hiyo ukisikia “soixante” au “quatre-vingt”, usiandike kitu mpaka jozi imalizike. Marafiki zako wa Kongo huenda wakakwambia “septante” na “nonante”, kama ilivyo Ubelgiji. Ni Kifaransa sahihi na ni rahisi zaidi, lakini keshia wa Grenoble atakusomea “soixante-dix”, hivyo sikio lizoee hiyo. Waombe wakusomee namba za simu kumi za kubuni kila jioni. Kabla ya mwaka mpya tatizo hili litakuwa limekwisha.

Saa nazo zina mtego, hasa kwetu sisi tunaohesabu kuanzia machweo na mawio. “Neuf heures” ni saa tatu asubuhi, “dix-neuf heures” ni saa moja jioni. Ukiwa unapeleka namba kwenye Kiingereza, kisha kwenye Kiswahili, ndipo ujue ni lini, utakosa miadi. Weka simu yako kwenye mfumo wa saa 24 na lugha ya Kifaransa, na uitaje saa kwa sauti kila unapoitazama. Angalia pia kwamba “deux heures” na “douze heures” zote zina “z” katikati na hutofautiana kwa irabu tu. Miadi mingi imepotea hapo. Ukipewa saa, irudie: “À quatorze heures, c'est bien ça ?”

“Pardon ?” unayoulizwa si ya lafudhi. Lafudhi haimzuii mtu kueleweka. Kuna sauti chache tu zinazobadilisha neno likawa lingine, na hizo ndizo za kushughulikia. Kiswahili kina irabu tano. Kifaransa kina zaidi ya hizo mara mbili, na tatizo kubwa liko kwenye “u”. Irabu ya “tu” si ile ya “tunda”. Sema “i” ndefu, ulimi usiusogeze, kisha viringa midomo kana kwamba unataka kupiga mluzi. Ukichanganya, “rue” (barabara) inakuwa “roue” (gurudumu), na “au-dessus” (juu ya) inageuka “au-dessous” (chini ya). Unamwelekeza mtu juu, anakwenda chini.

Halafu irabu za puani. “Vin”, “vent” na “vont” ni maneno matatu tofauti. Kosa letu ni kumalizia na “n” au “ng'”, tukasema “bong'” badala ya “bon”. Jipime: vuta irabu kwa sekunde tatu. Ulimi ukigusa popote mwishoni, umekosea. Hewa ipite puani na mdomoni pamoja, basi. Kuhusu “r”, una bahati ambayo wengi hawana. Ile “gh” ya “lugha” na “ghali”, kama wanavyoitamka watu wa pwani, inatoka karibu na mahali pale pale. Ilegeze kidogo na uitumie kwenye “Paris” na “rue”. Kwa kujikagua, washa uandishi kwa sauti kwenye simu, uweke Kifaransa, useme “tu”, “tout”, “dessus”, “dessous” ndani ya sentensi fupi. Simu ikiandika kitu kingine, rekebisha midomo, rudia. Dakika 5 asubuhi.

Kuna jambo moja tunakusihi ulichukulie kwa uzito: acha kukipitisha Kifaransa kwenye Kiingereza. Waliosomea sekondari kwa Kiingereza huona ndiyo njia, kwa vile maneno yanafanana. Yanafanana, ndiyo, na yanadanganya. “Librairie” ni duka la vitabu. Maktaba ni “bibliothèque”. “Actuellement” ni “kwa sasa”. “Assister à un cours” ni kuhudhuria somo. Na la hatari kuliko yote kwa mwanafunzi: “j'ai passé l'examen” maana yake nimefanya mtihani, si nimefaulu. Kufaulu ni “réussir”.

Kwenye sarufi, Kiswahili chako kiko karibu na Kifaransa mahali pengi usipopategemea. Unasema “nina miaka 21”, nacho kinasema “j'ai 21 ans”. Nina njaa, “j'ai faim”. Nina kiu, “j'ai soif”. Anayefikiri kwa Kiingereza husema “je suis 21 ans”, na akihisi joto anasema “je suis chaude”, ambayo kwa msichana ni matusi ya kujitukana; sema “j'ai chaud”. Tazama kiambishi cha mtendwa: “nina-ku-ona” kinamweka mtendwa kabla ya shina la kitenzi, na “je te vois” inafanya vivyo hivyo. “Atanipigia” ni “il va m'appeler”. Wenzako wa darasani huteseka wiki nzima na mpangilio huo, nawe umezaliwa nao. Ila chunga: sisi twasema “nimemwona Juma”, tukiweka “m” na jina pamoja, kwenye maandishi yako ya mtihani andika “j'ai vu Juma” au “je l'ai vu”, chagua moja.

Hata ile hali ya subjonctif inayoogopwa na watu wa B1, unayo. “Nataka kuondoka” ni “je veux partir”. “Nataka aondoke” ni “je veux qu'il parte”. Mtendaji akiwa yule yule, tumia kitenzi kisichonyambulishwa. Akiwa mwingine, kitenzi kinageuka, kama “-e” yetu ya mwisho. “Lazima niende” ni “il faut que j'aille”. Ukikwama darasani, jiulize kwanza tungesemaje kwa Kiswahili, na mara nyingi mlango utafunguka. Pasipofunguka ni kwenye jinsia. “A-” yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo utasema “il” kwa dada yako bila kujua. Na nomino zote zina jinsia. Zichukulie kama ngeli, ila hapa ni mbili tu. Andika nomino na “un” au “une”, kamwe si na “l'”, kwa sababu “l'école” inaficha jinsia na “une école” inaionyesha. Zinazoishia -tion, -té na -ette kwa kawaida ni za kike. -Ment, -age na -eau kwa kawaida ni za kiume, isipokuwa chache unazokutana nazo kila siku kama page, plage, image, eau na peau.

Sasa Wakongo wako. Usiwaache. Anayekwambia uwakimbie hajafikiri vizuri. Kijana aliyesoma Goma au Bukavu amefundishwa shuleni kwa Kifaransa miaka mingi, na anaweza kukueleza kwa Kiswahili kwa nini sentensi yako imepinda. Mwalimu yeyote wa Grenoble angetamani kuwa na uwezo huo. Mnachokosa ni mpango. Wekeni saa: mkianza kukata vitunguu mpaka chakula kiive, Kifaransa tupu, mkikaa kula, Kiswahili na moyo upumzike. Jikoni panafaa sana kwa sababu vitendo vinaonekana na amri ni fupi: “passe-moi le sel”, “ça brûle”, “remue encore”. Waambie wasikusahihishe kila kosa, utanyamaza. Wachague aina moja kwa wiki, kwa mfano “le” na “la”, mengine yapite.

Kwa wenzako wa darasani, tafuta mmoja asiyejua Kiingereza vizuri, ukae naye. Mbrazili na Mchina wenye Kifaransa kama chako watakupa mazoezi mazuri kuliko kundi zima linalojikinga na Kiingereza. Nje ya darasa tafuta mahali ambapo watu hukutana kwa shughuli, si kwa kuzungumza tu: kwaya, klabu ya kupanda milima (Grenoble imezungukwa nayo), au kujitolea kugawa chakula na Restos du Cœur au Secours populaire. Shughuli inakupa maneno ya kurudia kila wiki na watu wale wale. Maktaba nyingi za manispaa zina vikao vya bure vya mazungumzo kwa wageni. Uliza kaunta “un atelier de conversation”. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu pia kufanya kazi hadi saa 964 kwa mwaka, lakini chagua kazi yenye maneno. Kusafisha ofisi tupu usiku kunalipa kodi ya chumba, hakukupi lugha.

Uchovu unaousikia ni wa kweli. Kusikiliza lugha ngeni saa nne kwa siku kunachosha kuliko watu wanavyodhani, na Novemba jua la Grenoble linazama saa kumi na moja jioni au kabla kidogo. Lala vya kutosha na usome mambo magumu asubuhi. Huzuni ikikaa wiki mbili bila kuondoka, nenda huduma ya afya ya wanafunzi chuoni. Waulize kuhusu vikao vya mwanasaikolojia visivyolipiwa. Wazazi nao waambie ukweli: mtu huelewa kabla ya kuongea. Watumie sauti yako ukisoma aya moja leo, na nyingine Februari.

B2 mwezi wa Mei? Inawezekana, kwa kubana. Makadirio yanayotumika sana kwenye vituo vya lugha vya Alliance française ni saa 560 hadi 650 za masomo kutoka sifuri. Aliyewekwa kundi la A2 anahesabiwa kuwa na kama 100 mkononi. Mihula miwili ya wiki 12, saa 20 kila wiki, ni 480. Jumla 580: uko ukingoni. Saa moja ya kazi yako mwenyewe kila siku kuanzia sasa hadi Mei inaongeza zaidi ya 150, na hapo ndipo panapoamuliwa.

Mtihani wa DELF B2, wa cheti cha Kifaransa kwa wageni, una sehemu nne za alama 25 kila moja. Kufaulu ni 50 kati ya 100, na usipate chini ya 5 sehemu yoyote. Kusikiliza ni kama nusu saa na baadhi ya rekodi huzisikii zaidi ya mara moja. Kuandika ni saa moja, maneno 250 au zaidi, ukitetea msimamo. Kuongea una dakika 30 za kujiandaa na kama 20 mbele ya watahini. Watu wa sarufi nzuri kama wewe huangushwa na kusikiliza, ndiyo maana tumekaa sana kwenye masikio. DELF haiishi muda wake. TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, hudumu miaka 2 na haina kufaulu wala kufeli, inakupa kiwango ulichofikia. Mwezi Machi fanya mtihani wa majaribio wenye saa halisi. Ukipata chini ya 40, anza kufikiria mpango wa pili mapema.

Lakini tarehe inayotutia wasiwasi zaidi iko kabla ya Mei. Maombi ya wageni ya mwaka wa kwanza wa licence (shahada ya kwanza) yanayopitia utaratibu wa DAP (maombi ya awali ya kujiunga) kwa kawaida hufungwa katikati ya Desemba. Kozi nyingi za utalii zenye mafunzo ya vitendo huombwa kupitia Parcoursup, tovuti ya taifa ya kuomba nafasi za masomo, ambako chaguo hupokelewa kati ya Januari na Machi. Ukisubiri cheti ndipo uombe, mwaka utakuwa umepita. Wiki hii nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukiwa umeyaandika maswali haya: mimi niliye tayari Ufaransa naomba kwa njia gani, mwisho ni lini, mnakubali DELF, TCF au cheti cha kituo chetu cha lugha, na cheti kikitoka Juni, naweza kuomba sasa na kukileta baadaye? Omba wakuandikie majibu kwa barua pepe. Ukiwa hapo, anza kukusanya kila muhula hati ya mahudhurio, “attestation d'assiduité”. Kibali cha ukaazi huombewa upya kati ya miezi 4 na 2 kabla hakijaisha, na mwanafunzi wa lugha huulizwa kama kweli alihudhuria na kama amepanda kiwango.